Kiangazi cheupe: ngozi, lavenda na mafuta yasiyo mafuta

Chukua karatasi nyeupe. Upande mmoja dondoshea tone la mafuta ya nazi. Upande wa pili, tone la mafuta ya mnanaa, yale yanayouzwa kwenye vichupa vya rangi ya kahawia. Iache mezani, endelea na shughuli zako. Ukirudi jioni utakuta tone la nazi limetambaa na kuacha doa linalopitisha mwanga, doa ambalo kila aliyewahi kufungia kitu cha kukaanga kwenye gazeti analijua. Tone la mnanaa halipo. Karatasi ni kavu, na chumba kizima kinanukia.

Karatasi hiyo inajibu nusu ya maswali ninayoulizwa kila baridi inapokaribia. Ngozi inapauka na kupasuka, nipake mafuta ya lavenda au ya mkaratusi? Na ile lavenda yenyewe, iliyoko bustanini, niifunike na nini isife? Anayeuliza huwa anadhani ameuliza mambo mawili. Mimi naona ni moja. Kunakoanguka theluji, majira ya baridi ni kiangazi kilichovaa nguo nyeupe: maji yametapakaa kila mahali na hayanyweki. Ngozi inakauka, mmea unakauka, nasi pande zote mbili tunahangaika kuongeza joto ilhali anayeua ni kiu.

Jina lililotupoteza

Mitandaoni utakuta mafuta kama haya ya mnanaa na ya lavenda yanaitwa "mafuta muhimu". Tafsiri hiyo imepotosha watu mara mbili kwa maneno mawili tu. Si mafuta kwa maana ya shahamu, ndiyo sababu karatasi imebaki kavu. Wala si muhimu. Mwili wako hauyahitaji kama unavyohitaji maji au chumvi. Neno walilokuwa nalo wakenekaji wa zamani wa Ulaya, yaani waliotoa harufu za mimea kwa mvuke, lilihusu kiini: waliamini kwamba kile wanachokinasa kwenye mvuke ni roho ya mmea, asili yake iliyobaki baada ya kuondoa majani na maji. Sisi tungeweza kusema uto wa lavenda tukaeleweka. Humu nitayaita mafuta ya harufu, maana harufu ndiyo kazi yake.

Ukitaka kuyaona yalipo kabla hayajafika kwenye chupa, chuma jani la mnanaa, ligeuze, ulitazame kwa lenzi ya mkononi. Utaona vifuko vidogo mno vinavyometameta, kama umande uliokataa kukauka. Ndani yake mmea umeweka mchanganyiko wa kemikali nyepesi. Kwenye lavenda nyingi huwa ni linaloli na jamaa zake. Kwenye mnanaa wa kukenekwa ni mentoli. Kwenye mkaratusi ni sineoli. Mmea haukuzitengeneza kwa ajili ya pua zetu. Nyingine hufukuza wadudu, nyingine huzuia kuvu, nyingine huita wachavushaji. Ukilipitishia jani kidole, vifuko vinapasuka, na hiyo ndiyo harufu unayoisikia.

Kukeneka ni kuvipasua vifuko hivyo kwa mvuke. Mvuke wa maji hupitishwa katikati ya majani au maua, hubeba zile kemikali nyepesi, kisha hupozwa na kurudi kuwa kimiminika. Mafuta huelea juu, maji yenye harufu hubaki chini. Kinachopatikana ni kidogo ajabu. Kilo moja ya mafuta ya waridi huhitaji zaidi ya kilo 3,000 za petali. Kwa hiyo kichupa cha "waridi halisi" kinachouzwa bei sawa na sabuni kina jambo kinalificha. Na tone moja la mafuta haya si jani moja. Ni rundo la mimea lililobanwa hadi likaenea kwenye ncha ya kidole. Ukilikumbuka hilo hutashangaa baadaye nitakapozungumzia matone sita tu.

Hewa inayokunywa

Sasa tuhesabu kidogo. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 0 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 5 hivi za mvuke wa maji. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba zaidi ya gramu 17. Chukua ile hewa ya nje, iingize ndani, washa hita. Maji hayajaongezeka, ni gramu zile zile 5, ila uwezo wa hewa kubeba umekua. Unyevu uliokuwa asilimia 100 nje ya dirisha unashuka chini ya asilimia 30 ndani ya dirisha. Nje kukiwa nyuzi 10 chini ya sifuri, hewa hiyo ikipashwa hadi nyuzi 20 inabaki na unyevu usiofika asilimia 15. Hiyo ni hali ya hewa ya jangwani, sebuleni kwako, na theluji inaonekana dirishani.

Hewa ya namna hiyo haitulii. Inakunywa popote inapopata: midomoni, machoni, ndani ya pua, migongoni mwa viganja. Ngozi ina kinga yake. Tabaka lake la juu kabisa ni seli zilizokwisha kufa, zimepangwa kama matofali, na kati ya tofali na tofali kuna shahamu inayozuia maji ya ndani yasitoroke. Majira ya baridi sisi wenyewe tunaubomoa ukuta huu bila kujua. Tunaoga maji ya moto sana kwa sababu yanafariji, tunanawa mikono kwa sabuni kali, na kila mara shahamu kidogo inaondoka na povu. Nyufa zinafunguka, maji yanatoka, ngozi inawasha.

Dawa yake haina mvuto wowote wa kuiandikia tangazo. Oga maji ya vuguvugu, usikae bafuni sana, jipanguse kwa kujigonga-gonga na taulo badala ya kujisugua, na ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na majimaji, paka kitu chenye shahamu: mafuta ya nazi, ya alizeti, ya lozi, au yale mafuta ya mgando ya bei rahisi ambayo hayana harufu wala sifa. Kipakwa chenye gliserini nacho husaidia kwa sababu gliserini huvuta maji na kuyashika. Wenye ngozi inayowaka kwa urahisi, mafuta ya mgando ndiyo salama kuliko yote. Maana ya kupaka ngozi ikiwa na unyevu ni kwamba mafuta hayaleti maji. Yanafunga mlango maji yaliyomo yasitoke. Ukipaka ngozi iliyokwisha kukauka umefunga mlango wa nyumba tupu.

Na mafuta ya harufu? Rudi kwenye karatasi. Kitu kinachopeperuka chote kabla ya jioni hakiwezi kufunga mlango wowote. Anayedondoshea lavenda tupu kwenye ngozi iliyopasuka ameweka kemikali kali juu ya kidonda, basi.

Lakini siyadharau. Harufu hupita njia fupi sana kutoka puani hadi sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na hisia, ndiyo maana harufu moja inaweza kukurudisha utotoni kabla hujaitambua ni ya nini. Jioni zinapoanza saa kumi na giza likajaa nyumbani mapema, dakika kumi za kukaa na kuikanda miguu kwa mafuta yanayonukia vizuri zina thamani ambayo sihitaji maabara inithibitishie. Na mtu anayependa harufu ya mafuta yake atayapaka kila siku. Huo ndio mchango mkubwa wa lavenda kwa ngozi kavu: inamfanya mwenye ngozi asisahau.

Vipimo ni hivi. Mililita moja ya mafuta ya harufu ni kama matone 20. Ukitaka mchanganyiko wa asilimia 1, ambao unamtosha mtu mzima kwa mwili mzima, weka matone 6 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi au ya alizeti. Matone 12 yatakupa asilimia 2, na sioni sababu ya kupanda zaidi ya hapo kwa matumizi ya kila siku. Usoni punguza. Jaribu kwanza ndani ya kiwiko, ngoja siku nzima. Usiyatie kwenye maji ya kuogea bila kuyachanganya na mafuta mazito. Maji na mafuta haya havipatani, yataelea juu na kukukuta yakiwa makali vilevile.

Pua iliyoziba na baridi isiyokuwepo

Mnanaa na mkaratusi ndio wafalme wa majira haya kwa sababu ya mafua. Unavuta harufu, pua inafunguka. Au tuseme, unahisi imefunguka. Kwenye neva zetu kuna protini iitwayo TRPM8 ambayo kazi yake ni kupiga kengele joto linaposhuka. Mentoli huigusa kengele hiyo hiyo. Ubongo unapokea habari ya hewa baridi inayopita puani na kuhitimisha kwamba njia ni nyeupe. Ukipima hewa inayopita kweli, haijaongezeka. David Julius na Ardem Patapoutian, kila mmoja kwa njia yake, waliitambua protini hiyo kwa kutumia mentoli, nao wakagawana Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya hisia za joto na mguso.

Je, kujifukiza ni kujidanganya? Nafuu ni nafuu, hata kama kamasi bado lipo, na usiku wa mafua kupata usingizi ni jambo kubwa. Mvuke wenyewe unalainisha njia zilizokauka. Kinachonitia wasiwasi ni bakuli la maji yanayochemka chini ya shuka, na mtoto karibu. Majeraha ya moto ya namna hiyo huishia hospitali. Bafu lililojaa mvuke na mlango uliofungwa hufanya kazi ileile bila bakuli.

Tukiwa hapo tumalize habari ya hatari. Mentoli na mkaratusi visipakwe usoni, puani wala kifuani kwa mtoto aliye chini ya miaka 2. Vinaweza kumbana pumzi. Mafuta ya harufu hayanywewi. Ya mkaratusi yakimezwa, hata kwa kiasi kidogo, yanaweza kumletea mtoto degedege. Paka wa nyumbani ana ini lisiloweza kuzivunja vizuri nyingi ya kemikali hizi, na kwa kuwa hujilamba manyoya, kilichomdondokea mgongoni kitafika tumboni. Chumba chenye kifaa cha kutawanya harufu kiwe na mlango wazi ili aondoke akitaka. Mafuta ya begamoti, tunda la jamii ya machungwa, yaliyokamuliwa kwenye maganda yana kemikali inayoiunguza ngozi ikipigwa na jua, na theluji huakisi jua vibaya sana. Na kichupa cha mwaka juzi kilichokaa wazi bafuni, kitupe. Linaloli, na limonini ya maganda ya machungwa, zikikaa na hewa hugeuka kuwa vitu vinavyowasha ngozi kuliko vilivyokuwa mwanzo. Watu wengi wanaosema "lavenda hainipendi" huenda hawakukataliwa na lavenda, walikataliwa na uzee wake.

Bustanini, kiu ileile

Lavenda yangu ya kwanza niliiua kwa huruma. Nilisikia jalidi, ile baridi ya kugandisha, inakuja, nikaimwagilia hadi udongo ukawa tope, nikaizungushia nailoni na kuifunga kamba kama mgonjwa. Theluji ilipoyeyuka niliifungua. Juu ilikuwa na rangi ya majivu. Chini, shina lilipokutana na udongo, lilikuwa jeusi na laini, na lilipovutwa lilikuja lenyewe bila mizizi. Haikufa kwa baridi. Ilioza.

Kuna ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ambayo wapanda maua wa nchi nyingi huitumia. Ilitolewa mwaka 1960 na toleo jipya kabisa ni la 2023. Inagawa ardhi katika kanda 13 kwa kuangalia wastani wa baridi kali kuliko yote ya kila mwaka. Lavenda ya kawaida, ile ya majani membamba, huhesabiwa kuwa ya kanda ya 5, maana yake inavumilia hadi karibu nyuzi 29 chini ya sifuri. Ile yenye vijani vya rangi vinavyosimama juu ya ua kama masikio ya sungura, pamoja na rozimeri, kwa kawaida huishia kanda ya 8, karibu nyuzi 12 chini ya sifuri. Ramani ni nzuri. Ila inakwambia baridi itafika wapi tu, haikwambii maji yatakaa wapi, na lavenda inauawa na miguu iliyolowa miaka mingi kabla ya kuuawa na kipimajoto.

Ili kuelewa kwa nini, tazama kinachotokea ndani ya mmea. Siku zinapofupika, mmea wa nchi za baridi hupata habari mapema kuliko sisi. Huacha kurefuka, hukusanya sukari kwenye seli zake, hubadilisha ngozi za seli hizo zisikakamae. Jalidi inapofika, barafu huanza kuganda nje ya seli, kwenye nafasi zilizo kati yake. Barafu hiyo huvuta maji kutoka ndani ya seli. Seli inasinyaa. Sukari iliyojazwa inasaidia kushika maji kidogo yaliyobaki. Mmea uliojiandaa unastahimili kusinyaa huko hadi jua lirudi. Usiojiandaa unakufa, na ukiuchunguza umekufa kwa kukaukiwa. Mkulima anayesema "umeungua na baridi" ana macho mazuri, kwa sababu unafanana kabisa na uliokufa kwa ukame.

Kutokana na hilo mambo mengi ya kuandaa bustani yanajieleza yenyewe. Acha mbolea ya naitrojeni wiki sita hadi nane kabla ya jalidi ya kwanza, kwa sababu inauambia mmea uchipue wakati ambao ungekuwa unafunga maduka. Kupogoa vichaka kwa nguvu mwishoni mwa msimu nako huchipuza machipukizi mabichi yasiyo na sukari. Lavenda ipunguze mapema, maua yakishapita, ukibakiza majani ya kijani kwenye kila tawi. Ukikata hadi kwenye mti mkavu, mara nyingi hairudi.

Kisha mwagilia. Hapa ndipo watu hushtuka, baada ya kuniona nikiomboleza lavenda yangu. Mimea isiyopukutisha majani huendelea kupoteza maji kwa jua na upepo hata udongo ukiwa jiwe, na mizizi haiwezi kunywa barafu. Ndiyo maana utaona kichaka kimekuwa cha kahawia upande mmoja tu, ule unaopigwa na upepo. Rododendroni, kichaka cha maua cha nchi za baridi, hujitetea kwa namna ya kupendeza: baridi ikizidi, majani yake huinama na kujikunja kama sigara, yakafunguka tena joto likipanda. Vichaka vya namna hii, na miti iliyopandwa mwaka huohuo, vinywesheni hadi chini kabla ardhi haijaganda. Lavenda, rozimeri na jamaa zao wa kwenye miamba wao wanataka kinyume: mwinuko kidogo, kokoto, maji yapite. Wote wanaogopa kukauka, lakini hawa wameshajifunza kuishi na kidogo, na ukiwazidishia wanakosa hewa mizizini.

Matandazo nayo huwekwa kwa haraka mno. Wengi huyaona kama blanketi la kuuweka mmea kwenye joto, kwa hiyo huyatandaza udongo ukiwa bado vuguvugu, na panya wanashukuru kwa kitanda. Kazi ya matandazo ni kuzuia joto na baridi visipokezane. Udongo unapoganda, kuyeyuka na kuganda tena, barafu huwa inakua chini yake na kuusukuma mche juu hadi mizizi inaachwa nje, ikikaushwa na upepo. Ngoja ardhi ishikwe na baridi, ndipo uweke sentimita 5 hadi 10 za majani makavu au vipande vya magome, mbali kidogo na shina. Theluji yenyewe ikianguka usiifagie kwenye vitanda vya maua. Imejaa hewa, na hakuna blanketi bora kuliko hilo.

Vyungu ni habari fupi. Mizizi iliyomo imezungukwa na baridi pande zote, kwa hiyo visogezeni ukutani, viinueni juu ya matofali maji yatoke. Maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na chungu cha udongo kilicholowa hakina pa kuyapeleka. Bomba la nje na mpira wa kumwagilia hupasuka kwa sababu hiyohiyo. Majani yenye ugonjwa, hasa ya waridi wenye madoa meusi, yaondoe kabisa. Mengine yaache chini ya vichaka, na mabua matupu yaache yamesimama, kuna nyuki wadogo wanaolala humo. Mnanaa usiuhangaikie. Utakufa wote juu, nawe utaurudia msimu ujao ukiwa umevuka mpaka na kuingia kitanda cha jirani yake.

Kisha, katikati ya baridi, itatokea siku moja ya jua ambayo theluji inatiririka kwenye paa. Siku hiyo zunguka bustanini. Ukikuta mche mchanga umeinuka, shina limekaa nje kama jino linalotaka kung'oka, usiung'oe wala usiuchimbie shimo jipya. Uweke kisigino pembeni yake, ukandamize polepole hadi urudi mahali pake, ufukie mizizi kwa matandazo. Ingia ndani, nawa mikono kwa maji ya vuguvugu, na kabla haijakauka, paka mafuta. Yale yanayoacha doa kwenye karatasi.